Mama lishe wa Mikumi na sufuria ya nyumbani kwake

Abiria wengi wanaoijua Mikumi wanaijua kupitia dirisha la basi. Gari likitoka Morogoro kuelekea Iringa huingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na kwa takriban kilomita 50 dereva hupunguza mwendo huku watu wakigombea upande wa kuona tembo na twiga. Hifadhi ikiisha, mji unaanza: meza za nyanya na vitunguu, nyumba za kulala wageni, malori ya Zambia na Kongo yaliyoegeshwa pembeni, na moshi wa vyakula.

Moshi huo ni wa akina mama lishe. Ndio wanaowasha moto kabla jogoo hajawika, ili dereva aliyelala ndani ya lori lake apate chai na chapati, na saa 6 mchana wali, maharage na mboga viwe tayari mezani. Anayekula hapo hula akashiba na kuendelea na safari. Mara chache mteja hujiuliza kuwa huyu anayempikia, watoto wake nyumbani wanakula nini.

Mmoja wa akina mama hao ana umri wa miaka 31 na watoto watatu. Wa kwanza ni msichana wa miaka 11, wa pili mvulana wa miaka saba, na wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane mambo haya yalipoanza. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu habari hii ni ya mtoto wake pia. Mumewe ni fundi wa matairi, hatua chache kutoka kibanda chake. Wote wawili wanafanya kazi tangu alfajiri hadi giza linapoingia.

Biashara nzuri, sufuria tupu

Kwa miaka minne chakula cha jioni cha familia hiyo kilitegemea kilichobaki kibandani. Ukibaki wali, watoto walikula wali. Yakibaki maharage, yalikwenda na ugali. Shida ni kwamba siku ya mauzo mazuri ndiyo siku isiyobakiza kitu. Malori yakijaa, masufuria hurudi nyumbani meupe, na mama hurudi saa 1 usiku akiwa na fedha kwenye pindo la khanga na miguu inayowaka moto.

Jioni kama hiyo wakubwa walinunuliwa chipsi kwa jirani. Mdogo, ambaye chipsi zilimkwama kooni, alipewa chai ya rangi na andazi, au ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa nyama. Nyama yenyewe hakuweza kuitafuna, hivyo ilibaki kwenye sahani ya baba.

Hakuna aliyelala na njaa katika nyumba ile, na hilo lilimtosha mama kuamini kwamba watoto wanakula. Matumbo yalijaa. Aliyekuwa akilalamika ni mtoto wa mwisho, naye hakuwa na maneno ya kulalamikia. Alikuwa akiugua mafua yasiyoisha, analia ovyo, na wenzake wa umri wake walianza kumpita kimo.

Siku ya kliniki muuguzi alimpima uzito, akatazama kadi, kisha akamzungushia mkononi ule utepe wenye rangi tatu. Ulisoma sentimeta 12.2, kwenye rangi ya njano. Kijani huanzia sentimeta 12.5 kwenda juu, na chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali.

"Dada, mtoto jana jioni alikula nini?" muuguzi akauliza.

"Ugali."

"Kwa nini?"

"Kwa mchuzi."

"Ndani ya mchuzi kulikuwa na nini?"

Mama akanyamaza. Yeye anayepikia watu kila siku, anayejua kwa macho kipimo cha chumvi kwenye sufuria ya kilo kumi za mchele, hakuwa na jibu la swali hilo. Mchuzi ulikuwa maji, mafuta, nyanya moja na harufu ya nyama.

Njaa isiyouma tumbo

Kisa hiki si cha nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34. Kuna nafuu, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu.

Kudumaa si suala la ufupi peke yake. Mtoto aliyekosa virutubishi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi anapofikisha miaka miwili, anaweza kupungukiwa pia uwezo wa kujifunza na kinga dhidi ya maradhi. Kipindi hicho kikipita, kulipa deni ni vigumu.

La kushangaza ni kwamba hali hii huonekana hata mahali ambapo chakula kipo. Kilosa hulima mahindi, mpunga, mbaazi, kunde, ndizi na mboga za kila aina. Kinachopungua sahanini ni mchanganyiko. Shirika la Afya Duniani linagawa vyakula vya mtoto wa miezi sita hadi 23 katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde na karanga, maziwa ya mifugo, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi, na mboga na matunda mengine. Mtoto anatakiwa kupata angalau makundi matano kwa siku. Siku ile muuguzi alihesabu kwa vidole vya mtoto mwenyewe: maziwa ya mama, kwa kuwa alikuwa bado ananyonya usiku, na nafaka. Nyanya ile moja, iliyogawanywa kwa watu watano, hakuihesabu. Vidole viwili.

Mtoto alipimwa malaria, akapewa dawa ya minyoo na miadi ya kurudi kila baada ya wiki mbili. Mama naye alipewa maneno ambayo hakuyapenda: "Chakula cha haraka unacho uwezo wa kukipika kuliko mtu yeyote hapa. Kipike na nyumbani."

Bibi na mboga ya dakika 15

Aliyeifungua njia ni mama mkwe. Alikuja kutoka upande wa milima ya Vidunda kumwona mjukuu, akakuta mama amerudi kazini, ameketi kwenye kigoda, anatafuta fedha ya chipsi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechoka. Nipe kisu."

Bibi alikuwa ameshapita gengeni na kununua mafungu mawili ya majani ya maboga. Aliyamenya nyuzi, akayaosha kabla ya kuyakata, kwa sababu yakikatwa kwanza kisha yakaoshwa, sehemu ya vitamini huondoka na maji. Akakaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili kwa vijiko viwili vya mafuta, akatia majani, akafunika. Zilipopita kama dakika saba akamimina karanga zilizokaangwa na kutwangwa, vijiko vinne vikubwa, alizokuwa amezikoroga na nusu kikombe cha maji. Akaacha zichemke dakika tano nyingine, akatia chumvi mwishoni.

"Mboga za majani hazina muda," akasema. "Ukimaliza kusonga ugali, nazo zimeiva."

Mama alikodolea macho sufuria. Mboga hiyo alikuwa ameila utotoni, akaiacha aliposhika biashara kwa kuwa wateja wa barabarani huulizia nyama. Mdogo alikula vijiko saba. Jioni hiyo chakula kilikwisha pikwa kabla ya muda ambao msichana mkubwa angetumia kwenda kupanga foleni ya chipsi na kurudi.

Bibi alikaa wiki tatu. Katika wiki hizo wakwe hao wawili, mmoja mwenye ujuzi wa kijijini na mwingine mwenye mikono ya biashara, walipanga vyakula vinne ambavyo vingewezekana hata mama akirudi amechoka.

Cha kwanza ni hiyo mboga ya karanga. Hufaa pia matembele, mchicha au majani ya kunde. Tahadhari yake ni moja: karanga zichaguliwe, na zilizooza, zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hukaa kwenye mahindi na karanga zilizovunda, na kuzipika hakuiondoi.

Cha pili ni dagaa. Kikombe kimoja kinatosha watu watano. Toa vichwa ikiwa vina mchanga, osha kwa maji ya moto mara mbili, kaanga hadi wakauke, kisha tia kitunguu, nyanya tatu na karoti moja iliyokwaruzwa. Funika kwa dakika saba. Ukiepua, kamulia ndimu. Ndimu hiyo si ya ladha tu: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, ndiyo maana inashauriwa isinywewe pamoja na chakula. Kwa mtoto mdogo, dagaa wakavu hutwangwa wakawa unga, kijiko kimoja kikaingia kwenye mchuzi wake, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao humpatia pia kalisi.

Cha tatu ni choroko. Kikombe kimoja na nusu hulowekwa asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni maji hayo humwagwa, choroko huchemshwa kwa maji mapya kwa dakika kama 25, kisha huungwa kwa nyanya, kitunguu na tui la nazi au mafuta kidogo. Maharage nayo yakilowekwa usiku kucha hupunguza sana muda wa kukaa motoni, ila ni lazima yachemke sawasawa hadi yaive ndani. Mama aligundua njia yake mwenyewe: jioni anapofunga kibanda, makaa yaliyobaki jikoni bado ni mekundu. Huteleka hapo maharage ya nyumbani wakati anaosha vyombo na kuhesabu mauzo. Zamani makaa yale yalizimwa kwa maji.

Cha nne ni viazi vitamu na mayai. Viazi, hasa vile vyenye rangi ya chungwa ndani ambavyo vina vitamini A kwa wingi, hukatwa vipande vidogo na kuchemshwa kwa takriban dakika 15. Mayai matatu hukorogwa na nyanya, kitunguu na konzi ya mchicha uliokatwa, yakakaangwa hadi yakauke. Siku isiyo na mayai, viazi huliwa na choroko zilizolala, zilizochemshwa tena.

Mdogo hupewa chakula hichohicho, kikiwa kimepondwa, kwenye sahani yake peke yake. Muuguzi alisisitiza jambo hilo, kwa sababu mtoto anayekula sinia moja na wakubwa hawezi kushindana nao, na mama hawezi kujua amekula kiasi gani. Asubuhi uji wake ni wa unga wa mahindi wenye karanga zilizosagwa, na maziwa yakipatikana. Ule unga wa kuchanganya nafaka na kunde za kila aina mama aliuacha. Soya huhitaji muda mrefu motoni kuliko mahindi, na uji huepuliwa mapema kabla ya soya kuiva.

"Dagaa ni kitoweo gani?"

Jambo gumu halikuwa jikoni. Baba wa nyumba, aliyezoea kipande cha nyama kila jioni, alipoletewa dagaa siku ya tatu alisukuma sahani.

"Sisi tumekuwa watu wa dagaa siku hizi?"

Mkewe hakumjibu. Aliyejibu ni mama yake mzazi, akiwa amempakata mjukuu: "Wewe umekuzwa na nini?"

Maneno hayo hayakumaliza ugomvi. Siku mbili baba alikula kibandani kwa rafiki yake. Aliporudi, alimkuta binti yake wa miaka 11 amepiga magoti mbele ya jiko, macho yamejaa moshi, na daftari la hesabu limewekwa juu ya ndoo. Mtihani wa nusu muhula ulikuwa wiki inayofuata. Mama alikuwa bado barabarani, na bibi alikuwa anambembeleza mdogo. Baba akamwambia binti aende kusoma, akachukua kipepeo.

Hadi leo hasemi kwamba anapika. Anachofanya ni kuloweka kunde asubuhi, kuwasha jiko saa 12 jioni, kumenya vitunguu na kuinjika maji ya ugali. Mama akifika, nusu ya kazi imekwisha, na chakula hakizidi dakika 30. Nyama haijaondoka nyumbani. Huliwa Jumapili, na kwa mdogo husagwa au kukatwa vipande vidogo sana, ili naye aipate yenyewe badala ya harufu yake.

Mkaa nao ni hesabu

Muda wa kupika ni fedha ya mkaa. Wilaya ya Kilosa inaujua mkaa kuliko wilaya nyingi, na tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vyake vimo katika mpango wa mkaa endelevu, ambapo msitu wa kijiji hugawanywa vitalu na kuvunwa kwa zamu ili uote tena. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Nyumba ya fundi wa matairi ina mtungi mdogo wa gesi, lakini kuujaza ni fedha ya mkupuo, hivyo hutumika kwa vyakula vya dakika kumi tu: dagaa, mayai na mboga za majani. Mkaa hubaki kwa kunde na viazi. Kufunika sufuria, kukata vipande vidogo na kuloweka kumefanya gunia ambalo zamani liliisha kabla ya mwezi liingie mwezi wa pili.

Kuna jioni zinazoshindikana. Mvua ikinyesha, au lori likiharibika na baba akalala kazini, chipsi hununuliwa kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa nyumbani huwa na nyanya, tango na yai la kuongezea, na mdogo hupondewa ndizi mbivu na kupewa maziwa.

Utepe wasomaje?

Baada ya wiki nane utepe ulisoma sentimeta 12.7. Mstari wa uzito kwenye kadi, uliokuwa umelala kwa miezi mitatu, uliinuka. Kimo bado kiko nyuma, na muuguzi hakumficha mama kwamba huenda hakitafidiwa chote. Lakini mafua yamepungua, na mtoto ameanza kukimbiza kuku wa jirani, kazi ambayo hakuwa na nguvu nayo. Sasa anahesabu vidole vitano, siku nyingine sita.

Kwa mama anayerudi nyumbani usiku, iwe Mikumi au kwingineko, ratiba ya familia hiyo inaweza kunakiliwa na kurekebishwa kulingana na kinachopatikana gengeni:

Jumatatu: ugali, majani ya maboga kwa karanga, papai.

Jumanne: wali na choroko, kachumbari yenye ndimu.

Jumatano: ugali na dagaa, mchicha.

Alhamisi: viazi vitamu, mayai yenye mboga, chungwa.

Ijumaa: ndizi za kupika na maharage, matembele.

Jumamosi: ugali na dagaa au samaki, mlenda wa bamia. Magadi yasitiwe, kwa kuwa hupunguza baadhi ya vitamini za mboga.

Jumapili: wali, nyama, mboga za majani na tunda lolote la msimu.

Mtoto wa miezi tisa hadi 23 anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku na kitafunwa mara moja au mbili katikati, pamoja na kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Familia isiyo na jokofu isiweke kiporo kwa muda mrefu, na kabla ya kuliwa kichemke sawasawa. Chumvi kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikijumuishwa ile iliyomo kwenye vyakula vya kununua.

Na mtoto ambaye utepe wake umesoma njano au nyekundu, au mstari wake wa uzito umelala, asianzishiwe ratiba hii peke yake nyumbani. Apelekwe kituo cha afya kwanza, apimwe, kwa sababu malaria, minyoo au ugonjwa mwingine unaweza kula kila kijiko anachopewa. Kila mwezi Juni na Desemba watoto hupewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Siku hizo mama achukue ruhusa ya saa mbili, hata kama malori yamejaa.